Maneno ya Mwisho ya Mashine Isiyo na Skrini

Vijana wa kitengo cha mifumo wameniomba niandike niliyojifunza kazini, na nimekubali kwa sharti moja: atakayenukuu andiko hili asianze na neno "nasikia." Neno hilo limenichosha miaka yote ya utumishi wangu. Nimelisikia kwa wakurugenzi, kwa madereva, kwa mafundi umeme na kwa wahitimu wa vyuo vikuu, na sijaona limetengeneza mashine hata moja. Vyeo nilivyopanda na mishahara niliyopokea viko masijala. Anayevitaka aende huko. Hapa nitaeleza jinsi mashine zinavyokufa, na jambo linalopaswa kufanyika kabla mtu hajazigusa.

Nilianza kazi Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma, katika chumba chembamba cha ghala lililokuwa jirani na reli. Taasisi yetu ilikuwa ikipima na kuhifadhi nafaka za wakulima wa nyanda za kati, na kompyuta ya chumba kile ndiyo iliyotunza hesabu za ghala. Garimoshi lilipopita, vikombe vya chai vilitembea mezani. Aliyenipokea alikuwa Bwana Mhina, fundi wa simu za reli aliyehamia kwetu, mtu asiyependa kurudia sentensi.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mashine imekufa asubuhi hii. Utafanya nini?"

Nikajibu kwamba ningeizima na kuiwasha.

"Mtu akianguka mbele yako," akasema, "kwanza unamzika?"

Akanipeleka kwenye kona na kunionyesha printa ya zamani, ile ya kugonga utepe wa wino, yenye karatasi ndefu iliyotobolewa pembeni. Alikuwa ameiunganisha na kompyuta si kwa ajili ya barua, bali kwa ajili ya kifo. Mistari ya mwisho ya mashine ilikuwa imeshachapwa pale, myeusi, imetulia. Bwana Mhina aliisoma akiwa amesimama, akavuta droo, akatoa kipande cha memori kingine, akabadilisha, ndipo akawasha. Kisha akaagiza chai.

Kwa msomaji asiye wa fani yetu niseme hivi. Ndani ya kila mfumo endeshi kuna kiini, yaani sehemu inayogawa memori, inayozungumza na diski na nyaya, na inayoziamulia programu nyingine zamu zao. Programu ya kawaida ikifa, kiini hubaki hai na kuandika kilichotokea. Kiini chenyewe kikifa, hakuna aliye juu yake wa kuandika. Hutamka maneno machache kwenye skrini, kisha kila kitu hunyamaza. Hakithubutu kuyaandika kwenye diski, kwa sababu kiini kilichokwisha kuchanganyikiwa kikishika diski kinaweza kuharibu hata vilivyokuwa salama. Kwa hiyo anayezima mashine hiyo amefuta ushahidi kwa kidole chake. Akiiwasha na kufungua faili la matukio, atakuta mstari wa mwisho wa amani, halafu mstari wa kwanza wa kuamka, na katikati hamna kitu. Hapo ndipo "nasikia" huingia na kukalia nafasi iliyo wazi.

Bwana Mhina alistaafu, na printa yake ikamfuata baada ya muda mfupi, kwani ulikuja waraka wa kubana matumizi ya karatasi. Baadaye mashine zikahamishiwa Ihumwa, mashariki ya mji, zikapangwa kwenye makabati ya chuma katika chumba chenye viyoyozi. Wageni walipenda kupigia picha pale. Hazikuwa na skrini wala kibodi, kwa kuwa mshauri mwelekezi alikuwa amesema mambo hayo yamepitwa na wakati. Nilimwuliza mshauri huyo: kiini kikianguka, kitasemea wapi? Akanijibu kwamba mashine za siku hizi hazianguki.

Zilianguka, kama kila kitu kinavyoanguka. Vijana walikuwa wakikimbilia kuchomeka skrini kwenye mashine iliyokwisha kufa, wanaona giza, wanatangaza kwamba imeungua. Hili nalisema kwa mara ya mwisho, maana nimelisema hadi koo limekauka: aghalabu mashine iliyokufa haitambui skrini uliyoichomeka baadaye. Giza hilo halithibitishi lolote. Mtu akifika msibani amechelewa, hasemi marehemu hakuacha wosia. Anasema mimi sikuusikia.

Pale Ihumwa nilitega mitego. Kwa mashine kubwa nilitenga sehemu ya memori kwa ajili ya kiini cha pili, ambacho hulala muda wote. Cha kwanza kikianguka, cha pili huamka na kuhifadhi diskini picha ya memori nzima. Kwa mashine ndogo niliagiza kiini kitume maneno yake kupitia mtandao kwenda kwenye mashine jirani. Mitego hii ilinipa usingizi. Haikuwapa wakubwa zangu chochote cha kuonyesha wageni, kwa hiyo haikuzungumzwa sana.

Sasa nifike Mlali, kwa sababu ndiyo habari mnayonidai kila tunapokutana, na kila mmoja wenu huisimulia anavyotaka.

Mlali, wilayani Kongwa, tulikuwa na kituo cha kupimia nafaka: ghala, mizani kubwa ya kupima lori zima na mzigo wake, na chumba kidogo cha ofisi kinachotazama mizani. Chumbani humo kulikuwa na mashine yetu isiyo na skrini, imeegemezwa ukutani, ikipokea uzito kutoka mizani na kuutuma Dodoma. Karani wa mizani alikuwa binti wa palepale Mlali, jina lake Tabitha. Mkuu wa kituo alikuwa Mama Zuhura, mtumishi mwaminifu na mwenye hofu kubwa ya bili ya umeme.

Mashine ya Mlali ilianza kufa. Ikifa, lori lililo juu ya mizani hupimwa kwa kusomwa namba kwenye kioo cha mizani na kuandikwa kwa mkono, nje ya mfumo. Watu wakaanza kusema kwamba mashine hufa pale tu yanapokuja malori makubwa ya wafanyabiashara. Waliosema hivyo wakaongeza kwamba karani huichomoa makusudi, aandike uzito anaoutaka. Waliofuata wakaongeza kwamba ameanza kujenga nyumba. Hadi habari inafika Dodoma, nyumba hiyo ilikuwa imeshaezekwa.

Tabitha akaandikiwa kujieleza, kisha akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Kosa lilikuwa la kufukuzwa kazi, na kwa tuhuma ya namna ile, anayefukuzwa haajiriwi tena mahali popote penye mizani. Mkuu wa kitengo chetu, Bwana Kimario, akaniita ofisini kwake akaniambia niandike taarifa ya kitaalamu ya kuambatishwa.

"Faili la matukio linasemaje?" akauliza.

"Halisemi lolote. Linakatika, halafu linaanza tena."

"Kama mashine iliyochomolewa umeme."

"Na kama mashine ambayo kiini chake kimeanguka. Alama ni ile ile."

"Mzee, sasa utawezaje kutofautisha?"

"Kwa kusoma maneno ya mwisho. Nani huwa anaiwasha ikifa?"

Akakohoa. Ilibainika kwamba kila mashine ilipokufa, Tabitha alipiga simu makao makuu kama alivyoelekezwa, na kijana wa dawati la msaada, bila kuuliza swali lolote, alimwambia: zima, washa. Alitii. Yaani sisi wenyewe tulimwamuru kila mara afute ushahidi ambao ungemtetea, kisha tukamwandikia barua kwamba hana utetezi. Nilimweleza hivyo Bwana Kimario. Akasema nisilichukulie suala hili kibinafsi. Nikaomba gari.

Tuliiacha lami, tukaingia vumbi, tukafika Mlali jua likiwa kali. Tabitha alikuwa mlangoni, mikono nyuma. Alinisalimu kwa adabu, lakini macho hayakuwa na adabu hiyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya mashine."

"Afisa wa kabla yako naye alisema hivyo. Alikaa anatazama viatu vyangu kama ni vipya."

"Ni vipya?"

"Ni vya dada yangu."

"Basi viatu nimemaliza. Nionyeshe mashine."

Akacheka kidogo, kwa kujizuia. Baadaye aliniambia kwamba kanisani, benchi analokaa lilikuwa limeanza kuwa na nafasi, na kwamba baba yake alikuwa ameacha kwenda mnadani siku za mnada. Hakulalamika, alinieleza kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nilimsikiliza, kisha nikamwuliza maswali ya kazi: mashine ikifa, taa za mbele zinawaka au zimezimika? Zinawaka, akasema. Feni inazunguka? Inazunguka. Mashine iliyochomolewa umeme haizungushi feni. Lakini hayo yalikuwa maneno ya mtuhumiwa, na kamati isingeyapokea, nami nisingeyapeleka.

Memori ya mashine ile ilikuwa haba mno kwa kiini cha pili, kwa hiyo nikaanza na mtandao. Kompyuta ya Mama Zuhura ilikuwa chumba cha pili. Niliagiza kiini cha mashine ya mizani kitume maneno yake huko. Nikarudi Dodoma kushughulikia mengine. Mashine ikafa mchana mmoja. Nikapiga simu mbio kwa Mama Zuhura, nikamwomba afungue faili la mapokezi.

"Faili lipo, baba, ila ni jeupe," akasema.

"Kompyuta yako ilikuwa inawaka?"

"Nilikuwa nimekwenda kuswali na kula. Nikitoka huwa nazima mpaka ukutani, nafunika na kitambaa. Umeme wa umma si wa kuchezea."

Maneno yanayotumwa kwa njia ile hayasubiri kuitikiwa. Kiini kinachokufa hakina muda wa kuuliza kama upo. Kilipaza sauti, na upande wa pili palikuwa na kitambaa cha kufuma chenye maua. Nami ningemlaumu vipi mama aliyekuwa akifuata waraka wetu wenyewe wa kubana matumizi?

Kama hilo halikutosha, Bwana Kimario alikuwa amepata wazo. Aliagiza mashine zote za vituoni ziwekewe mpangilio wa kujiwasha zenyewe mara kiini kinapoanguka, ili wananchi wasicheleweshwe. Wazo zuri kwa mtu asiyetaka kujua sababu. Nilimweleza kwamba kwa Mlali mpangilio huo ungekuwa sawa na kumpa mshtakiwa mwanasheria na kumkata mwanasheria ulimi. Akasema, "Mzee, wewe kila kitu unakifanya kesi." Nikamjibu kwamba kesi ilikuwapo tayari, na mimi sikuifungua. Akaniachia Mlali hadi kamati ikae.

Nilirudi na vitu vitatu: chuma cha kulehemu, waya, na kompyuta mpakato kuukuu ambayo betri yake ilishakufa. Nyuma ya mashine ya mizani, upande wa ukutani, kulikuwa na tundu la zamani la pini tisa. Kupitia tundu hilo kiini kinaweza kusema moja kwa moja, herufi baada ya herufi, bila mtandao wala skrini. Ndiyo njia ya printa ya Bwana Mhina, bila karatasi. Nilichomelea waya unaovusha, yaani ule ambao pini ya kusemea ya upande mmoja huishia kwenye pini ya kusikilizia ya upande wa pili. Anayetumia waya wa kawaida atakaa siku nzima akitazama ukimya na kulaumu mashine. Kasi ya pande zote mbili nayo lazima ilingane. Isipolingana utapokea takataka, na kuna mtu atasema ni kirusi.

Nilipovuta mashine kutoka ukutani nilishangaa jambo moja. Waya wa mizani haukuchomekwa kwenye tundu lile la pini tisa, ambalo ndilo lake. Ulipitia kifaa kidogo cha kugeuzia, kinachouwezesha waya huo kuingia tundu la aina nyingine, nacho kilichomekwa kwenye tundu la mbele, kikining'inia. Nilimwuliza Tabitha.

"Mkandarasi alisema mashine ni nzito, hataki kuivuta," akasema. "Akachomeka mbele, akapiga picha, akaondoka."

Nikaacha kama nilivyokuta. Ukirekebisha kabla ya kujua, hutajua kamwe.

Mtego usiojaribiwa nao ni "nasikia" ya aina yake. Kwa hiyo, mizani ilipokuwa tupu, niliiua mashine kwa makusudi, kwa amri ambayo kiini hupewa ili kijiangushe. Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Umeiua mwenyewe, baba?"

"Nimeiua nione kama itasema."

"Na huyu binti mnamshitaki kwa lipi?"

Tabitha akatazama pembeni asicheke. Maneno yalikuwa yameingia yote kwenye kompyuta mpakato. Niliiwasha mashine ya mizani, nikamwonyesha Mama Zuhura swichi ya kompyuta ile, nikamwomba isiguswe kwa sala, kwa chakula wala kwa waraka. Akauliza kama anaweza angalau kuifunika. Tukakubaliana kitambaa kiwepo, swichi isiguswe.

Kisha tukangoja. Zilikuja pikipiki za magurudumu matatu zenye magunia ya alizeti, yakaja malori madogo, na mashine ikafanya kazi kwa unyofu wa kuudhi. Wakulima walinitazama nimekaa kwenye kiti cha plastiki wakaamkiana kwa Kigogo, wakaniuliza kwa Kiswahili kama mimi ndiye afisa wa kumfukuza mtoto wao. Nikawaambia mimi ni fundi. Mzee mmoja akasema, "Fundi gani amekaa?"

Hatimaye likaja lori refu la tela, limejaa mahindi. Tabitha alikuwa nje, ameshika ubao wake, anazungumza na dereva aliyekuwa bado dirishani. Gurudumu la mbele lilipopanda mizani, sakafu ya ofisi ikatetemeka, na nikakumbuka vikombe vya Zuzu. Magurudumu ya tela yakafuata. Mashine ikanyamaza. Taa zinawaka, feni inazunguka, na namba ya uzito haiendi popote.

Simu ya mezani ikalia. Nikaipokea mimi. Alikuwa kijana wa dawati la msaada, ameona kituo kimepotea.

"Dada Tabitha, mtandao unasumbua tena? Zima, washa."

"Si Tabitha. Ni mimi."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ukimwambia mtu yeyote neno hilo leo, nitakuja kukaa pembeni ya meza yako hadi nistaafu."

Niliinua kitambaa cha maua. Maneno yalikuwapo. Mstari wa kwanza ulisema kwamba kifaa cha kugeuzia waya kimetengana na mashine. Uliofuata ulisema kwamba kiini kimejaribu kusoma anwani isiyokuwepo. Chini yake kulikuwa na mlolongo wa kazi zilizokuwa zikiitana hadi dakika ile, na zote zilikuwa za kiendeshi, yaani programu inayokiwezesha kiini kuzungumza na kifaa, cha kifaa kilekile. Kwa Kiswahili cha kawaida: lori zito lilitikisa nyumba, kifaa kinachoning'inia kikaachia kwa nukta moja wakati uzito ukiwa njiani, na kiendeshi chake, kilichoandikwa na mtu asiyewahi kufikiria kwamba waya unaweza kuachia, kikaendelea kusoma mahali ambapo hapakuwa tena na kitu, kikaangusha kiini kizima.

Macho yangu yalikuwa yamemwona Tabitha nje, lakini hilo lilithibitisha siku ile tu. Nilihitaji sababu. Nikachomoa kifaa kwa mkono mizani ikiwa tupu: mashine haikujali. Nikamwomba dereva arudi nyuma na kupanda tena, nikakichomoa uzito ukiwa njiani: ikafa, kwa maneno yaleyale. Nikarudia. Ikafa tena. Dereva akachungulia dirishani.

"Mzee, mnanipima mimi au mnanichezea?"

"Tunakupima vizuri kuliko ulivyowahi kupimwa," Tabitha akamjibu.

Sasa nawaomba mtazame jambo hili kwa makini. Aliyesema kwanza kwamba mashine hufa malori makubwa yakija alikuwa amesema kweli tupu. Aliona. Waliobaki hawakuona, walieleza. Kama mtu mmoja tu angeleta kile alichokiona bila kukiambatisha na nyumba ya kuezeka, tungeivuta mashine ile kutoka ukutani siku ya kwanza. Ndiyo maana nakasirika. Uvumi huchukua ushahidi halisi na kuuchafua hadi mtu makini anauacha njiani.

Kamati ilikaa Dodoma. Nilipeleka maneno ya mashine yamechapwa. Mwenyekiti aliyageuza juu chini.

"Mzee, hii ni lugha gani?"

"Ya kiini, mheshimiwa. Naweza kuisoma mstari kwa mstari."

Nikaisoma. Mjumbe mmoja akasema, "Lakini watu wanasema huyu binti..."

"Watu gani?"

"Watu wa Mlali."

"Waliokuwamo chumbani?"

Akafunga faili lake. Mjumbe mwingine, kwa nia njema kabisa, akapendekeza tuandike hitilafu ya umeme, ili isiwe ndefu. Nikasema umeme haukuhusika. Wakashauriana. Mwenyekiti akasoma uamuzi: mtumishi anaachiwa kutokana na kukosekana kwa ushahidi wa kutosha. Wakaanza kukusanya karatasi, na Tabitha, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha peke yake, akainamisha kichwa kama mtu aliyepewa nusu ya alichonyang'anywa.

Sikusimama. Nikasema taarifa ya kitaalamu ni yangu na sitaitia saini ikiambatishwa na maneno hayo.

"Mzee, ameshinda. Unataka nini zaidi?" mwenyekiti akauliza.

"Ushahidi haukukosekana, mheshimiwa. Uko mbele yenu. Mkiandika umekosekana, atarudi Mlali na watu watasema alifanya ila hakushikwa. Andikeni kilichoua mashine."

Bwana Kimario alinitazama kwa uchovu. Nje watu walikuwa wakisubiri chumba. Nilibaki nimekaa. Mwishowe mwenyekiti akavua miwani, akamwambia katibu afute, akaniamuru nitamke polepole. Nikatamka: kwamba mashine iliangushwa na kasoro ya kiendeshi cha kifaa cha kugeuzia, kilichofungwa isivyo sahihi na mkandarasi, na kwamba karani wa mizani hakuhusika. Katibu aliandika yote. Baba yake Tabitha, nimeelezwa na Tabitha mwenyewe, si na watu, alibeba nakala ya uamuzi ule mnadani na kumpa kila aliyejua kusoma.

Tulibana kifaa kile ukutani kwa chuma, tukaweka kiendeshi kilichorekebishwa, na tundu la pini tisa nikaliomba libaki na kompyuta mpakato yake chini ya kitambaa. Bwana Kimario aliniuliza la nini tena, ilhali tatizo limekwisha. Nilimwambia limekwisha tatizo hilo.

Nilistaafu mwaka huu. Mliniandalia hafla, mkanipa saa ya ukutani, na msema chochote akawaambia wageni kwamba mimi niliwahi kufufua mashine kwa maombi. Alianza na neno "nasikia."

Juzi, nikiwa nyumbani napalilia mboga, simu iliita. Alikuwa Tabitha.

"Shikamoo mzee. Samahani kukusumbua, najua umepumzika. Mashine imekufa."

"Marahaba. Makao makuu umewaambia?"

"Nimewaambia. Kijana mpya amesema nizime niwashe."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia marehemu hajamaliza kusema."

Niliweka jembe chini. Nilitaka kumwuliza kama lori lilikuwa juu ya mizani, na taa, na feni, na nani alikuwamo chumbani. Lakini nilisikia kitambaa kikivutwa, na kiti kikisogezwa karibu na meza.

"Basi nisomee," nikamwambia. "Mstari wa kwanza. Kama ulivyoandikwa."